Dakika Kumi na Tano, Kisha Achia

Mkuu wa idara aliniomba niandike kurasa chache kwa ajili yenu mnaobaki, akanishauri nianze na vyeti. Vyeti vyangu vimo kwenye bahasha, bahasha imo chini ya godoro, na huko vikae. Mimi nimefanya kazi ya kulaza wagonjwa usingizi katika thieta moja ya Tanga kwa zaidi ya miaka thelathini, ukitoa miwili niliyopelekwa Maramba kwa sababu nitakayoieleza. Katika miaka hiyo nimegombana na watu wengi walionizidi cheo, na ugomvi mkubwa kuliko wote ulihusu ini na dakika. Huo ndio nitakaouandika. Asiyeupenda atafute cha kusoma kingine.

Nilizaliwa Moa, huko karibu na mpaka, mama yangu akilima mihogo na kusuka makuti. Nilisoma uuguzi, kisha kozi ya usingizi, nikaripoti thieta asubuhi ya Jumatatu nikiwa nimepiga pasi gauni mara mbili. Nilitarajia nionyeshwe mashine. Badala yake nilikutana na Bwana Faki, Mpemba wa Wete, mrefu, mwenye sauti ndogo isiyolingana na mwili wake. Yeye ndiye aliyekuwa mkongwe wa usingizi pale.

"Shikamoo, Bwana Faki."

"Marahaba, mwanangu. Kaa hapo. Nipe mkono."

Akachukua ule mpira wa kufungia mkono wakati wa kutoa damu, akanifunga juu ya kiwiko, akakaza kwelikweli. Kisha akaenda zake kupanga chupa za dawa kabatini, moja moja, akinisahau. Au hivyo ndivyo nilivyodhani. Mkono ukawa mzito, ukapoa, ukabadilika rangi. Aliporudi aliniuliza, "Wauma?"

"Umekufa ganzi tu."

Akafungua. Mwanzo sikusikia kitu, halafu ikaja kama siafu wamemwagwa ndani ya mkono, halafu moto. Nikauma meno.

"Na sasa?"

"Sasa unauma, Bwana Faki!"

"Umekuuma nilipofunga au nilipofungua?"

"Ulipofungua."

"Basi lishike hilo. Kila mtu humu ndani huogopa pale damu inapokatika. Wewe uogope inaporudi."

Akanieleza kwa maneno yake, na mpaka leo sijapata bora zaidi. Nyama iliyonyimwa damu hukaa na taka zake. Damu ikirudi kwa kishindo huzizoa taka zote kwa mpigo mmoja na kuzipeleka moyoni, na moyo hushtuka. Na nyama yenyewe, iliyokuwa ikiililia damu, huchubuliwa na damu hiyo hiyo. Figo ni hivyo, mguu ni hivyo, na ini ndilo linaloumia kimya kuliko vyote, maana huja kukuambia baada ya siku mbili, macho ya mgonjwa yanapogeuka manjano.

Miaka sita alinifundisha. Alinifundisha kubandika kifua cha mgonjwa kipimo cha kusikilizia moyo, chenye mrija mrefu unaofika sikioni mwangu, ili umeme ukikatika na mashine ikinyamaza, moyo niendelee kuusikia. Mnanicheka na mrija huo, najua. Alinifundisha kupasha chupa za dripu kwenye ndoo ya maji vuguvugu, kwa sababu mtu anayetoka damu hupoa, na damu iliyopoa haigandi. Alinifundisha kuvuta dawa za kuamsha moyo kwenye bomba la sindano kabla hazijahitajika. "Ukianza kuvunja kichupa wakati moyo umeshasimama," alisema, "wewe si mtu wa usingizi, wewe ni mtazamaji." Kisha akastaafu, akarudi Pemba kwenye mikarafuu yake, nikabaki mimi.

Mwaka uliofuata akaja Dokta Semhando. Niseme mapema kwamba alikuwa mpasuaji hodari, mwenye mikono miepesi, na aliyeipenda kazi. Alikuwa pia mtu asiyependa kuambiwa. Hizo tabia mbili mtazikuta pamoja mara nyingi kuliko mnavyotaka.

Kwa mliofika thieta juzi: ini likipasuka, kwa ajali au kuanguka, hutoa damu kama nguo iliyoloweshwa inavyokamuliwa. Mpasuaji haoni pa kushona. Lakini damu nyingi ya ini hupitia sehemu moja, kama embe na kikonyo chake. Mpasuaji akipitisha kamba laini kwenye kikonyo hicho na kukibana, damu hupungua, anaona, anashona. Ni njia ya zamani na nzuri. Ila tangu kamba inapokazwa, ini linakaa kama ule mkono wangu wa siku ya kwanza, tena saa inahesabu. Unabana dakika kumi na tano, unaachia tano ini lipumue, unabana tena. Mpasuaji anayeshona hawezi kutazama saa. Kwa hiyo saa ni ya mtu wa usingizi.

Mgonjwa wangu wa kwanza wa namna hiyo na Dokta Semhando alikuwa mkwezi wa minazi, Bwana Sefu, mtu wa makamo, aliyeanguka na kuangukia kisiki kwa ubavu wa kulia. Aliletwa mchana. Mkewe, Bi Tatu, alifika amefunga khanga mbili tofauti, moja imegeuzwa ndani nje, kwa jinsi alivyotoka mbio. Bwana Sefu alikuwa bado anazungumza. Aliniuliza kama nazi alizokwisha angua zimeokotwa. Nikamwambia zimeokotwa, nisijue lolote la nazi, nikamlaza.

Dokta alifungua tumbo, akabana, akaanza kushona. Nikaandika saa kwenye karatasi yangu.

"Dokta, dakika kumi na tano."

"Mm."

"Dokta, ishirini."

"Nimesikia, Sista."

Kwenye dakika ya thelathini nilisema tena. Bila kuinua kichwa akajibu, "Sista, wewe tazama usingizi wako. Ini niachie mimi." Muuguzi aliyekuwa akimpa vifaa akanitazama juu ya barakoa, akatikisa kichwa kidogo, maana yake nyamaza. Nikanyamaza.

Alimaliza dakika ya arobaini na saba. Kazi ya sindano ilikuwa safi, sijaona safi zaidi. Akafungua kamba yote kwa mara moja bila kuniambia. Sikioni mwangu moyo uliokuwa ukikimbia ukaanza kutembea, kisha kuburuza miguu, kisha sikusikia kitu.

Tulimkandamiza kifua, nikavunja vichupa vya dawa kimoja kimoja, moyo ukarudi. Lakini damu ilikuwa haigandi tena, ilichuruzika hata pale nilipomchoma sindano. Siku ya pili macho yakawa manjano kama bizari. Siku ya tatu alfajiri akafa. Bi Tatu aliniuliza swali moja tu: "Sista, si mlisema ini mmeshaliziba?" Nikamwambia tumeliziba. Nalo lilikuwa kweli, na ndiyo sababu nilishindwa kumtazama.

Wiki iliyofuata kulikuwa na kikao cha kuzungumzia kifo hicho. Taarifa ilikuwa imeshaandikwa: mgonjwa alichelewa kufika, ini lilikuwa limeharibika mno. Watu kumi na mmoja mezani, mimi pembeni karibu na mlango, kwenye kiti cha plastiki. Mwenyekiti akauliza kama kuna mwenye la kuongeza, kwa ile sauti ya mtu aliyekwisha kufunga faili.

Nikasimama. Nikasema kikonyo cha ini kilibanwa dakika arobaini na saba mfululizo na kufunguliwa ghafla, na moyo ulisimama muda ule ule kilipofunguliwa. Nikasema pia makosa yangu, kwa sababu nilikuwa nayo. Dripu zangu zilikuwa za baridi siku ile, dawa sikuwa nimezivuta, na dakika nilizitaja kwa sauti ya kuomba radhi. "Na nilipoambiwa ninyamaze," nikasema, "nilinyamaza. Hilo ndilo kosa langu kubwa."

Nikamtazama Dokta Semhando. Alikuwa akitazama mikono yake.

Mwenyekiti alinisubiri koridoni baada ya kikao. Alikuwa mtu mpole, na upole wake ulinitisha kuliko ukali.

"Sista Mwanajuma, ile karatasi yako ya usingizi ina michorochoro mingi. Ingekuwa vizuri ukaiandika upya, kwa usafi. Hizo saa si lazima ziwe nyingi namna ile."

"Niiandike upya mgonjwa ameshazikwa?"

"Kwa usafi tu."

"Karatasi ni chafu kwa sababu siku ilikuwa chafu. Sigusi hata nukta."

"Utajiumiza mwenyewe, mama."

"Basi nitaumia nikiwa nimeandika kweli."

Baada ya mwezi mmoja nikapata barua ya uhamisho kwenda kituo cha afya Maramba, kwa manufaa ya umma. Machungwa ya Maramba ni matamu, umma wa huko ni watu wema, na mimi nilinenepa. Waliotarajia nirudi nikilia wangoje kidogo.

Kule nililaza wanawake wa kujifungua kwa upasuaji, karibu kila siku. Nilikuwa na mashine ya oksijeni inayokohoa, dawa chache, na ndoo yangu. Nilijizoeza kutaja muda kwa sauti, hata pasipohitajika, mpaka wahudumu wakaniita Redio. Sikukasirika. Sauti ni kama mkono, huota nguvu kwa kutumiwa. Nilimwandikia Bwana Faki barua ndefu yenye malalamiko mengi, naye akajibu nusu ukurasa. Alisema amesoma yote, na kwamba hasira yangu ni halali, ila imfae mgonjwa atakayelala mezani kesho. Alitaka kujua kama siku hizi navuta dawa kabla. Hakuniuliza kitu kingine. Akafa kabla sijamjibu kwamba ndiyo, navuta.

Nilirudishwa Tanga kwa sababu ambazo hazikuwa na uhusiano na haki. Wenzangu wawili wa usingizi walikwenda kusoma, wa tatu akaugua, thieta ikawa inafungwa mchana kwa kukosa mtu. Dokta Semhando ndiye aliyepiga simu mwenyewe. Alikuwa sasa mkuu wa upasuaji.

"Sista, tunakuhitaji."

"Nitarudi, Dokta. Lakini nina neno. Nitataja dakika kwa sauti ya watu wote kusikia. Na nikisema achia, unaachia."

Nikamsikia akifunga mlango wa ofisi yake.

"Rudi," akasema.

Hakusema ndiyo. Niliona tofauti hiyo vizuri sana, nikarudi hivyo hivyo.

Mwaka wa kwanza tulifanya kazi kama majirani waliogombania mpaka wa shamba: salamu, kazi, kwaheri. Halafu siku moja, saa nne asubuhi, gari la wagonjwa likamleta Rehema kutoka Amani, huko kwenye milima ya Usambara. Rehema alikuwa na umri wa miaka ishirini na tisa, kazi yake kupima unene wa miti msituni na kuandika kwenye daftari. Pikipiki aliyokuwa akiiendesha iliteleza kwenye kona yenye matope akishuka mlimani, usukani ukamzama chini ya mbavu za kulia. Alikuja mweupe midomo, tumbo limejaa kama ngoma. Mama yake, Bi Amina, alikuwa amepanda naye gari, ameshikilia kiatu kimoja cha mwanawe na hakukubali kukiachia.

Mlango wa thieta ukajaa watu wenye maoni. Mkurugenzi wa hospitali wa wakati ule alitaka apelekwe Dar es Salaam. "Ini si la hapa kwetu," alisema. "Tumeshaona. Mpeni damu, apakiwe, aende."

Nilikuwa nimeshika mkono wa Rehema, nikihesabu mapigo. Dokta Semhando akanigeukia. Ilikuwa mara ya kwanza kuniuliza kitu mbele za watu.

"Unasemaje, Sista?"

"Hata njia panda ya Segera hafiki."

"Sista, hiyo ni amri," akasema Mkurugenzi.

"Basi uiandike, bosi, na saa uliyoitoa, na jina lako. Nami nitaandika mapigo ya moyo aliyokuwa nayo alipopakiwa. Karatasi zikae pamoja."

Hakuandika. Watu wa amri za mdomo huwa hawana kalamu. Dokta akasema, "Ndani," tukaingia.

Kaka yake Rehema na wanafunzi wanne wa uuguzi walikwenda kutoa damu. Mimi nilijaza ndoo maji ya moto, nikayapooza mpaka kiwiko changu kikayakubali, nikatumbukiza dripu na ile damu iliyokwisha patikana. Wakaguzi walikuwa wameandika mara mbili kwamba ndoo ile iondolewe thieta kwa kuwa haipendezi. Ilikuwa pale, haipendezi. Nilivuta dawa zote, nikazibandika majina, nikazipanga mkono wa kulia. Ile dawa ya usingizi ya kuvuta kwa pumzi niliyokuwa nayo kwenye mashine sikuitumia, kwa sababu ini halina urafiki nayo. Nikachagua ya mshipani. Kisha nikavaa mrija wangu sikioni.

Dokta alifungua. Damu ikaja. Akakandamiza kwa vitambaa, akatafuta kikonyo, akapitisha kamba.

"Nabana," akasema. Alisema kwa sauti. Nami nikajibu kwa sauti, "Saa tano na dakika kumi. Nimeanza kuhesabu."

Upande wa kulia wa ini ulikuwa umepasuka kama boga lililoanguka. Alishona haraka. Nilitaja dakika tano, nikataja kumi, nikataja kumi na tatu. Nilianza kumjaza damu ya vuguvugu ili mishipa isiwe mitupu wakati wa kuachia.

"Kumi na tano. Achia, Dokta."

"Nimebakiza sindano tatu."

"Kumi na tano. Achia."

"Sista, nikiachia sasa damu itajaa, sitaona tena ninaposhona. Dakika sita tu, nakuomba."

Muuguzi wa vifaa akanitazama. Hakuwa yule wa zamani, lakini jicho lilikuwa lile lile. Nikaukabidhi mfuko wa kumpulizia hewa kwa mwanafunzi wa usingizi aliyekuwa kando yangu, nikauacha mrija sikioni, nikasimama. Nilisogea mpaka kwenye shuka linalotenga upande wetu na wao, nikamtazama Dokta usoni. Tulikuwa tumetenganishwa na urefu wa mkono.

"Sindano zako zinaweza kungoja, ini haliwezi," nikamwambia. "Weka kitambaa juu ya jeraha, bonyeza kwa kiganja, legeza kamba polepole. Mimi niko tayari upande wangu. Na ukisema nitazame usingizi wangu, nimeshautazama. Usingizi wake uko sawa. Achia."

Jasho lilimtiririka Dokta kwenye kipaji cha uso. Niliona macho yake yakienda kwenye saa ya ukutani, kisha kwenye ini, kisha yakarudi kwangu. Sikuyakwepa.

Akaweka kitambaa. Akabonyeza. "Nalegeza," akasema. "Robo. Nusu. Yote."

Shinikizo la damu likashuka, nikasukuma dripu ya vuguvugu, likasita, likapanda. Moyo ulijikwaa mara mbili sikioni mwangu, ukaendelea. Nikachungulia juu ya shuka. Lile ini lililokuwa na rangi ya majivu lilikuwa likigeuka taratibu, kutoka pembeni kuja katikati, mpaka likawa jekundu la kuiva.

"Dakika tano za kupumzika," nikasema.

"Dakika tano ni nyingi, Sista."

"Ni tano, Dokta. Hazijawahi kuwa sita."

Akasimama pale kiganja chake kikiwa juu ya kitambaa, akingoja kama mtu aliye kwenye foleni ya sembe. Alibana mara ya pili, akaachia nilipotaja. Akabana mara ya tatu, kipande kifupi, akamaliza sindano zake. Ulipofika wakati wa kuachia mara ya mwisho, moyo wa Rehema ulianza kuburuza miguu, sauti ile niliyoijua. Lakini safari hii bomba lilikuwa mkononi mwangu. Nikasukuma dawa ya kwanza, nikasukuma ya pili, nikahesabu kimoyomoyo. Ukaburuza, ukaburuza, kisha ukainuka na kutembea.

"Umerudi," nikasema.

Hakuna aliyepiga makofi. Kwenye thieta hatupigi makofi. Dokta aliacha vitambaa kadhaa tumboni vya kuendelea kukandamiza, akavitoa baada ya siku mbili, damu ikiwa imekauka kabisa. Kila asubuhi nilikwenda wodini, nikamfunua Rehema kope za chini na kuangalia weupe wa macho. Siku ya tatu Bi Amina akashindwa kuvumilia.

"Mwanangu, kila siku wamtazama macho mwenzio. Wamtafutia nini?"

"Natafuta manjano, mama."

"Umeyaona?"

"Sijayaona."

Akakaa chini pale pale sakafuni, mgongo ukutani, na ndipo nilipomwona akikiweka kile kiatu chini ya kitanda. Rehema alitoka wiki ya tatu kwa miguu yake, akilalamikia chakula.

Siku aliyotoka Dokta Semhando alinikuta chumba cha chai. Alijimiminia kikombe, akakaa mbali kidogo.

"Yule mkwezi," akasema. "Ni arobaini na saba kweli?"

"Arobaini na saba."

"Nilijua. Niliitazama saa nilipomaliza." Akazungusha kikombe mezani. "Kwenye kile kikao nilijua."

Nilikuwa nimemwekea maneno makali kwa miaka, nimeyapanga vizuri kama chupa kabatini. Sikulitoa hata moja. Nilimwambia ayaseme hayo mahali yanapostahili. Ilimchukua muda, lakini aliyasema: kwenye kikao cha idara, amesimama, mbele ya madaktari wanafunzi, jina la mgonjwa, dakika, na jina lake mwenyewe. Alikwenda pia kwa Bi Tatu, peke yake. Alichoambiwa huko hakunieleza, nami sikuuliza. Alirudi akiwa amezeeka. Tangu siku hiyo hakuwahi kubana kikonyo bila kuniambia, wala kuachia bila kuniuliza kama niko tayari. Urafiki hatukupata. Tulipata kitu chenye faida zaidi kwa wagonjwa.

Sio wote waliopona. Nisije nikawadanganya. Wapo waliofika wamekwisha, na wapo tuliowahesabia kila dakika sawasawa na ini likagoma vile vile. Hao niliwaandikia karatasi chafu kama wengine, na hakuna aliyeniomba tena niziandike upya. Najua pia kwamba huko duniani kuna dawa mpya na mashine za kulinda ini damu inaporudi. Zikifika, zipokeeni, jifunzeni. Lakini msikubali mtu awaambie kwamba mpaka zifike hakuna linalowezekana. Joto linawezekana. Kujaza mishipa kabla ya kuachia kunawezekana. Kulegeza polepole kunawezekana. Kufungua mdomo kunawezekana, na ndiko kunakoogopwa kuliko yote, kwa sababu hakuhitaji bajeti na hakuna wa kumsingizia.

Wiki tatu zilizopita walinifanyia sherehe ya kuniaga ukumbini. Palikuwa na pilau, keki, na hotuba ya mkubwa mmoja ambaye hajawahi kunikuta kazini. Alisoma kwenye karatasi kwamba Sista Mwanajuma amekuwa mfano wa unyenyekevu, na kwamba katika utumishi wake wote alikuwa mtiifu kwa wakubwa zake. Watu wakapiga makofi. Nilimwona Dokta Semhando, naye siku hizi amestaafu, meza ya nyuma, akiinamisha kichwa, mabega yakimtikisika kwa kicheko.

Walinipa kipaza sauti nishukuru. Nikashukuru kwa pilau, maana ilikuwa nzuri. Kisha nikamgeukia yule mkubwa, nikamwomba kwa heshima zote ile karatasi yake na kalamu. Akanipa, akitabasamu, akidhani nataka kuihifadhi. Nikaiweka juu ya meza mbele ya ukumbi mzima, nikatafuta maneno "alikuwa mtiifu kwa wakubwa zake", nikayapiga mstari mmoja ulionyooka, kama tunavyosahihisha karatasi ya mgonjwa, nikaandika juu yake "alikuwa kazini", nikatia sahihi na saa.